Pikapu ya Pili

Kornelio alilisema neno lile mbele ya watu wanne na sahani ya chipsi, tena akiwa bado anatafuna.

"Mkono wako laini, Doto. Usikasirike, si kosa lako, mkono wa mwanamke ndivyo ulivyoumbwa. Kwenye rithimu unatufaa sana. Ila solo inataka makali."

Walikuwa mazoezini, mchana, kwenye ukumbi wa baa moja ya Mikumi, karibu na pale barabara ya Kilosa inapoungana na barabara kuu. Bendi yao, aliyoimiliki Kornelio, iliitwa Njia Panda kwa sababu hiyo. Doto, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, alikaa kwenye kiti cha plastiki, gitaa mapajani. Majibu alikuwa nayo, tena matatu, lakini kila moja lilikuwa la kufukuzwa nalo.

Uchungu ulizidi kwa sababu wimbo uliokuwa ukizungumzwa ulikuwa wake. Aliutunga mwenyewe, maneno na muziki, akauita "Kitanda cha Mama". Ulisimulia mwaka ule mto Mkondoa ulipovunja kingo ukaingia Kilosa bila kubisha hodi, ukachukua kitanda cha ndoa cha mama yake, Regina. Kitanda kilitoka mlangoni kikielea, shuka zimetandikwa vizuri, kama mgeni aliyekwisha kuaga. Watu waliosikia ubeti wa kwanza walicheka. Wa pili uliwanyamazisha. Kisha maneno yalikoma na gitaa likabaki peke yake, likikifuata kitanda mtoni. Solo ile Doto aliisuka noti kwa noti, na sasa, wiki mbili kabla ya onyesho la Nane Nane, Kornelio alikuwa amempa Ditram, kijana aliyekuja kutoka Morogoro mwezi ule ule na gitaa jekundu la dukani.

Alichosikia Kornelio kilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomuudhi Doto zaidi. Mara tatu alijaribu kuipiga solo ile mbele ya watu, na mara tatu ilizama. Noti zake zilitoka nene, za mviringo, tamu ukiwa umekaa naye chumbani. Lakini ngoma zikianza, na besi ya Kornelio ikianza, na kinanda, zilipotea kama kijiko kwenye sufuria ya uji. Kwa hiyo tatizo lilikuwepo. Sababu aliyoitoa Kornelio ndiyo iliyokuwa upuuzi mtupu. Lakini ngoma zilikuwa zake, spika zake, maikrofoni zake, na mtu mwenye vyombo akisema upuuzi, wapigaji huufuata.

Sheria za Kornelio zilijulikana mpaka Ruhembe. Hakuna kulewa kabla ya onyesho. Hakuna kuvaa kandambili jukwaani. Na ile aliyoipenda kuliko zote: mpigaji akituzwa, haondoki mbele, na wimbo haukomi mpaka aliyemtuza arudi kukaa. Sheria hiyo iliwapendeza sana wakulima wa miwa wakishavuna. Mtu alikuja mbele na pesa yake au kitenge chake, akasimama anavyotaka, na bendi ikaurudia wimbo kwa heshima yake.

"Ditram, hebu piga hapo," Kornelio alisema.

Ditram alipiga. Kabla hajaanza, kidole chake kilisogeza kiswichi kidogo kwenye gitaa lake, kutoka juu kwenda chini. Sauti iliyotoka ilikuwa na ukali wa limau. Ilipita juu ya besi na ngoma bila kuomba njia.

"Umesikia?" Kornelio akamwambia Doto, akatoka nje kupokea simu.

Doto hakuwa akiangalia mkono wa Ditram. Alikuwa akiangalia kile kiswichi.

"Ditram, hicho ni cha nini?"

"Hiki, dada? Kinachagua pikapu. Ya juu au ya chini."

Pikapu ni kile kijisanduku kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme, ndani yake sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba. Uzi ukitetemeka juu yake, chenyewe ndicho kinachousikia na kuupeleka kwenye spika. Bila pikapu gitaa la umeme ni ubao. La Doto lilikuwa na pikapu moja tu, juu, pale shingo ya gitaa inapoishia. Magitaa yenye mbili alishayaona, hata yenye tatu. Lakini gitaa lake alilitengeneza marehemu baba yake, Emanueli, na baba alimfundisha tangu mdogo kwamba zile za ziada ni mbwembwe za kiwandani, kama taa nyingi kwenye lori. Doto hakuwahi kulitilia shaka neno la baba. Angeanzia wapi?

"Piga noti moja," alimwambia Ditram. "Iweke ya chini. Haya. Sasa rudisha juu, noti hiyo hiyo. Hussein, tupe ngoma kidogo."

Hussein, mpiga ngoma, mtu mnene mwenye aibu ya kuongea, aligonga taratibu. Ditram alipiga noti ile kwa pikapu ya chini, ikakata. Akapiga kwa ya juu, ikazama. Mkono ulikuwa ule ule wa kiume, wenye kucha ndefu na pete ya fedha, na ulizama kama wa Doto.

Hussein aliinua nyusi. Miezi mitano! Miezi mitano, tangu solo izame mara ya kwanza, alikuwa akiuosha mkono wake jioni na kuuangalia kama mkono wenye ugonjwa.

Kornelio aliporudi, Doto alisimama.

"Mzee, naomba usikilize kitu kidogo tu."

"Nyimbo zimeshapangwa," Kornelio alisema. "Tuendelee."

*

Kilosa, Doto alikuwa fundi wa kusuka mota. Pampu za wakulima wa Zombo zikiungua, feni za maofisini zikifa, zililetwa kwenye kibanda chake mbele ya nyumba, naye akaondoa waya ulioungua na kusuka mpya. Sumaku na shaba vilikuwa chakula chake cha kila siku. Na bado, kwa miaka ishirini, hakuwahi kujiuliza kwa nini ile sumaku ya gitaa lake ikae pale ilipokaa na si kwingine. Alipofikiri hivyo ndani ya basi la kurudi nyumbani Kilosa, alijicheka kwa sauti mpaka abiria wa kiti cha mbele akageuka.

"Shikamoo mama," alisema alipoingia.

"Marahaba. Mbona uso huo?"

"Mama, ile karatasi ya baba iko wapi?"

Regina hakuuliza karatasi ipi. Alifungua sanduku, akatoa Biblia, na ndani ya Biblia akatoa karatasi ya jalada la kanda, imekunjika katikati, rangi zimepauka. Ilikuwa na picha ya mpiga gitaa mmoja wa Zaire, kasimama na suti nyeupe, kichwa kakiinua juu. Emanueli alikuwa seremala wa reli, mjukuu wa mtu aliyekuja kutoka upande wa Tabora kulaza vyuma na hakurudi. Gitaa la umeme alikuwa hajawahi kulishika. Alitengeneza la kwake kwa kuitazama picha ile, kwa mbao za mninga za mlango wa zamani, akipima kwa rula kila kitu mara tatu. Pikapu aliiagiza Dar es Salaam kupitia dereva wa treni. Aliagiza moja, kwa sababu kwenye picha aliona moja.

Doto aliipiga picha karatasi ile kwa simu, akaikuza kwa vidole viwili. Akakuza tena.

"Mama, njoo uone. Huu ni mkono wake wa kulia. Chini ya kiganja, hapa, unaona kitu kinang'aa?"

Regina alisogeza miwani. "Saa?"

"Saa ataivaa kiganjani? Ni ukingo wa pikapu ya pili. Mkono uliifunika. Baba hakuiona."

Regina aliishusha simu mezani taratibu, kama kitu kilichojaa maji.

"Baba yako hakuwa mtu wa kukosea vipimo."

"Hakukosea vipimo. Alipima alichokiona."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nataka kulikata tundu la pili."

Mama alisimama. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na akisimama hivyo nyumba nzima ilijua. "Maji yalichukua kitanda changu," alisema. "Yalichukua kabati, na picha za harusi. Baba yako alipanda juu ya dari na gitaa hilo kifuani, akakaa huko na panya hadi asubuhi. Ndicho kitu cha mkono wake kilichobaki ndani ya nyumba hii. Wewe unataka kulitia patasi kwa sababu ya Kornelio?"

"Si kwa sababu ya Kornelio!"

"Kwa sababu ya nani?"

Doto aliikunja karatasi, akairudisha ndani ya Biblia. Mama akaenda kuchambua mchele wake na mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa siku mbili hawakuongea ila salamu. Siku ya tatu, alasiri, Doto alifanya kitu ambacho hakikuhitaji patasi. Alifungua skrubu mbili, akaichomoa pikapu ya baba kutoka kwenye tundu lake, akaiungia nyaya ndefu kwa lehemu, akawasha amplifaya ndogo kwenye baraza. Kisha akamwita mama.

"Sikati kitu. Naomba mkono wako tu."

Regina alikuja, uso mzito. Doto alimwonyesha kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kati ya nguzo ya baraza na msumari wa ukutani.

"Itikise kamba, mama. Unaona katikati inavyopepea, pana, polepole? Sasa angalia pale msumarini. Inatetemeka kidogo kidogo, haraka haraka. Uzi wa gitaa ni huo huo. Pikapu inasikia kile tu kinachopita juu yake. Ukiiweka huku shingoni, inasikia mawimbi mapana. Ukiiweka huku chini, karibu na daraja, hiki kichuma ambacho nyuzi zimeegemea, inasikia ule mtetemo mfupi, wenye makali. Sasa ishike hivi, juu ya nyuzi, usiziguse. Isogeze taratibu kutoka shingoni kwenda darajani."

Doto alianza kupiga, akidonoa nyuzi juu kabisa ya shingo ili asimzuie mama. Hakubadilisha kitu: uzi ule ule, mahali pale pale, nguvu ile ile. Kilichotembea kilikuwa mkono wa Regina peke yake, mkono wa kizee wenye mishipa, ukishika kijisanduku cheusi.

Mwanzoni ilitoka sauti nene, ya chini chini, iliyojaa baraza lote. Regina alisimama hapo hapo.

"Huyo ni Emanueli," alisema.

"Ndiyo, mama. Endelea kusogeza."

Mkono ulipita katikati, na unene ukaanza kupungua, kama mtu anayevua koti. Ulipobakiza vidole viwili kufika darajani, noti ilitoka wazi, kali, yenye mfupa. Mtu aliyekuwa akipita barabarani na baiskeli aligeuza shingo. Regina alikunja uso.

"Hapo!" Doto alisema, na kwa mkono wa kushoto akachora alama ya penseli kwenye mbao, pale pale mama alipokunja uso. "Isogeze tena kidogo, mpaka mwisho." Kufika mwisho sauti ikawa nyembamba mno, mbu mtupu, ikawaudhi wote wawili. "Basi. Rudi kwenye penseli."

Doto alipiga solo ya "Kitanda cha Mama", yote, mama ameshikilia pikapu kwenye alama. Alipomaliza, Regina alikuwa anamtazama kwa namna ambayo Doto hakuwahi kuiona.

"Huyo simjui," mama alisema.

"Humjui kwa sababu hajawahi kupewa nafasi ya kusema. Uliniuliza nakata kwa sababu ya nani. Ni kwa sababu ya huyo. Baba nampenda, mama, lakini miaka ishirini kila nikifungua mdomo anaongea yeye. Nimechoka."

Alilisema neno hilo kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Halikuwa neno la kumwambia mjane, na alilijua, na hakulirudisha.

Regina aliiweka pikapu juu ya kiti, akaingia ndani. Doto alisikia sanduku likifunguliwa. Mama alirudi na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa chenye harufu ya mafuta ya cherehani: patasi ya Emanueli, ile nyembamba, mpini wake umeng'aa kwa kushikwa.

"Ile yako butu," alisema. "Utapasua mninga wa watu. Na pikapu yake irudishe ilipokuwa. Hiyo usiiguse tena."

*

Dukani hakwenda. Ingemjia vipi fikra ya kununua, mtu anayesuka mota? Sumaku alizing'oa kwenye kabati mbovu, zile za kufungia milango. Misumari sita ya chuma aliikata sawa, mmoja kwa kila uzi. Waya aliutoa kwenye transfoma ya redio iliyokufa, mwembamba kuliko unywele, wa kuushika kwa pumzi. Kwenye mashine yake ya kuzungushia, ile ya mkono, alizungusha raundi elfu nne na ushee, ukakatika. Alitukana tusi ambalo mama alijifanya hakulisikia, akaanza upya. Raundi elfu sita. Akaichovya kwenye nta ya mshumaa ili nyuzi za ndani zisicheze na kupiga mluzi. Tundu alilikata mwenyewe kwa patasi ya baba, mbao nyekundu ikatoka vipande vidogo safi, na pigo la kwanza alilipiga macho yamefumba. Mwisho akafunga kiswichi cha taa ya kitandani: huku baba, huku yeye.

Siku ya Nane Nane walipanda basi la asubuhi kwenda Mikumi, Doto na mama yake, gitaa katikati yao kwenye mfuko wa unga. Wakati wa kujaribu vyombo, saa sita, Kornelio aliliona lile tundu jipya na ule mstari wa gundi.

"Umeharibu kitu cha marehemu."

"Shikamoo mzee. Hebu sikiliza."

Alipiga noti nne. Ukumbini mhudumu aliyekuwa akipanga viti aliacha kupanga. Kornelio alikuna shingo. Besi ilikuwa imening'inia begani kwake na kwa dakika nzima hakujua afanye nayo nini.

"Ah," akasema hatimaye. "Hicho ni hicho kidude. Kidude ndicho kinachokata, si wewe."

"Sawa. Kwa hiyo nilipokuwa nazama, nacho kilikuwa kidude, si mkono wangu."

Hussein alikohoa nyuma ya ngoma. Ditram aliinama kufunga kamba za viatu vyake, ambavyo havikuwa na kamba.

Mtu mwungwana angecheka hapo na mambo yangekwisha. Kornelio alifura. "Usinifundishe kazi niliyoianza kabla hujajua kupiga mswaki. Solo ni ya Ditram. Wewe utaimba na kupiga rithimu, nyuma, kwenye nafasi yako. Hutaki, mlango ule pale."

Doto aliutazama mlango. Aliufikiria kweli. Kisha akaenda nyuma, kwenye kiti chake cha plastiki, akakaa, akaanza kurekebisha nyuzi. Kornelio alidhani amemshinda.

Alasiri ukumbi ulijaa. Walikuwepo wakulima wa miwa kutoka Ruhembe na wake zao, madereva wa malori, akina mama wa sokoni waliofunga mapema. Regina alipewa kiti cha mbele kwa sababu ya mvi zake. "Kitanda cha Mama" ulikuwa wimbo wa nne. Doto aliuimba akiwa nyuma, na walipofika kitanda kinapotoka mlangoni watu walicheka kama kawaida, na kinapopita kona ya reli wakanyamaza kama kawaida. Maneno yakaisha. Ditram alipiga hatua moja mbele.

Doto alipiga tatu.

Alisimama ukingoni mwa jukwaa, mbele ya Kornelio, mbele ya Ditram, mbele ya kila kitu. Akashusha swichi. Vidole vikafanya vilichokijua.

Noti ya kwanza ilipita juu ya besi na juu ya kinanda, ikagonga ukuta wa nyuma, ikarudi. Watu waliokuwa wakinunua vinywaji waligeuka wakiwa wameshika chupa. Ditram alibaki mdomo wazi kwa pigo moja, pigo mbili; kisha, kwa adabu aliyofunzwa na mtu fulani, alipunguza sauti ya gitaa lake jekundu na kuanza kumpigia rithimu. Kornelio alimkunjia Hussein ngumi hewani, ishara ya kukata wimbo. Hussein aliinua macho kutazama dari, kama mtu anayekagua kama inavuja, na mikono yake ikazidi kugonga.

Solo ilikifuata kitanda mtoni, wazi, noti kwa noti, kila moja ikijisimamia. Hakuna hata moja iliyozama. Doto alisikia makali yale yakitoka na alijua ni ya mkono wake, mkono huu huu, na machozi yakamtoka na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Mwishoni, pale kitanda kinapopotea machoni, aliinua swichi. Sauti nene ya Emanueli ikaujaza ukumbi kwa noti tano za mwisho.

Regina alikuwa ameshasimama. Alikuja mbele taratibu, akivua khanga ya juu, akaitandika mabegani mwa binti yake na kuifunga fundo kifuani. Ukumbi ulipiga vigelegele. Alisogeza mdomo kwenye sikio la Doto.

"Yule wa makali," alisema. "Sasa namjua."

Kornelio alikuwa ameshafika kwenye maikrofoni. "Makofi kwa mama yetu! Shikamoo mama. Asante kwa kutuza. Sasa mama anarudi kukaa, na sisi tunaendelea na wimbo mwingine. Doto, rudi nyuma."

Regina hakurudi. Alikunja mikono kifuani, pale pale mbele ya jukwaa, mfupi, amebaki na khanga moja, akimtazama Kornelio usoni.

"Marahaba," alisema. "Miguu haijachoka, baba."

Kwanza alicheka mkulima mmoja wa Ruhembe, kisha meza yake, kisha ukumbi mzima. "Sheria! Sheria!" wakaanza kuimba, maana sheria waliijua, walikuwa wameilipia miaka yote. Kornelio alitazama kushoto na kulia. Hussein alikuwa tayari na vijiti juu. Ditram alikuwa tayari. Doto hakusogea hata unyayo.

Kornelio aliinamia besi yake, akaupiga mwanzo wa "Kitanda cha Mama".

Waliurudia, na solo ikapigwa kutoka mbele. Mama alisimama. Wakaurudia tena, na akina mama wa sokoni wakaja kusimama pamoja naye, mmoja mmoja, mikono wamekunja vile vile. Wimbo ulipoanza kwa mara ya nne Regina alikuwa bado wima, na Kornelio ndiye aliyeomba aletewe kiti.